Tone Jekundu kwenye Sensa

Enzi zile, sisi wenye magari ya mitumba ya Kijapani hatukumwachia fundi gari. Ulikaa naye. Ulikuja na kigoda chako na soda yako, ukaketi mbele ya boneti, maana ukigeuka tu kifaa kizima kimetoka, kibovu kimeingia. Ndivyo tulivyoambiana Wakenya wenye maduka ugenini, pale Nakivubo, na mimi niliamini kuliko wote. Akishika spana, hata mama yangu mzazi nisingemwamini.

Kinga yangu ilikuwa rangi ya kucha. Kila kifaa cha maana nilikitia tone jekundu, ili kikibadilishwa nijue.

Siku hiyo nilikwenda kubadilishiwa plagi. Fundi wangu, mzee wa zile familia za Kiislamu zilizotoka pwani zamani, aliniaga akaenda kuswali adhuhuri. Mwingine angetulia. Mimi nikajiuliza mbona anaondoka boneti ikiwa wazi, na nani atakayepita hapa nikisinzia. Nikakumbuka kwamba sensa, kile kifaa cha kupima hewa ya injini, sijaitia alama. Ni kisanduku cheusi nyuma ya injini, kinachounganishwa nayo kwa mpira mwembamba. Nikauchomoa mpira, nikapaka kisanduku, nikapaka na kibomba chake pale mpira unapovalishwa, nikaurudisha.

Mzee aliporudi alifunga plagi, akawasha. Injini ikakohoa, moshi mweusi ukajaa karakana.

"Gari lilikuja zima!" nilipiga kelele. "Umenichezea sensa, mwizi wewe!"

"Mama, mimi nagusa plagi tu."

Jirani yangu wa dukani alikuwa amekuja kumletea mzee gari lake. Alinisikia, akarudisha ufunguo mfukoni, akaenda zake. Nakiri nilifurahi.

Mzee aliinama mbele ya injini. Aliuchomoa ule mpira injini ikiunguruma, akaniambia niweke kidole kwenye mdomo wake. Kilivutwa.

"Unaona? Injini anavuta. Ukitoa mguu kwa mafuta, anavuta sana, hewa ndani inabaki kidogo. Hii sensa inaisikia, inaambia kompyuta: petroli kidogo. Ukikanyaga, mlango wa hewa unafunguka, hewa inajaa, inasema: ongeza. Sasa yako inasema hewa imejaa, na gari imesimama tu. Petroli inamwagika bure. Ndiyo moshi hiyo."

"Kwa nini iseme uongo?"

"Haisemi uongo, mama. Imezibwa. Inasikia hewa ya zamani tu."

Alizima injini, akachukua pini, akachokonoa kibomba cha sensa. Kikatoka kigamba chekundu. Akakiweka kiganjani, akakitazama, kisha akatazama kucha zangu. Nilikunja vidole, lakini alikuwa amekwisha kuona.

Alirudisha mpira, akawasha. Injini ikanguruma taratibu, bila moshi. Nikamwomba radhi kwa sauti ndogo, ingawa nilimtukana kwa sauti kubwa. Akasema, "Haya, mama," akaanza kupanga spana zake. Hapakuwa na gari jingine la kutengeneza.

Kesho yake nilikwenda kwa jirani yangu kabla sijafungua duka. Nilimweleza yote, rangi, kibomba na pini, nikamwambia yule mzee ni mtu safi, ampelekee gari lake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama karibu yangu, akauliza kwa kunong'ona, "Amekupa nini?"