Mtungi Juu ya Mafiga ya Mama

Hadi leo kaka yangu akianza kusimulia habari ya mtungi ule, mimi nainuka naondoka. Anaisimulia kila Desemba, kata ya pombe ya mbege mkononi, na kila mwaka inazidi kuwa ya kuchekesha. Wajomba wanacheka, wake zao wanacheka, watoto wanamwomba arudie. Mimi sicheki. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mtungi ule, anakoroga chungu cha wageni, na hakuna aliyemwambia ni kitu gani kilikuwa juu ya kichwa chake.

Nianze na injini, maana injini ndiyo niliyoijua. Nilikuwa na gereji Njoro, mjini chini ya mlima wetu, miaka ile magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika na kila mwenye uwezo akataka la kwake. Mwanamke fundi alikuwa kioja. Nilikuwa nimelala chini ya gari, spana mkononi, mteja ananiuliza fundi yuko wapi. Nilizoea. Kaka yangu, mtoto wa kwanza kwetu, alikuwa akiuza vipuri Dar es Salaam. Mwaka huo akaniletea gari lenye turbo nimjengee injini ya mashindano. Watu wa mbio za magari wa mjini walikuwa wameandaa mbio za kupanda mlima siku ya pili ya Krismasi, kwenye barabara ya vumbi ya shamba moja la kahawa, na yeye alishaapa mbele ya ukoo mzima kwamba atashinda.

Nilifanya kazi miezi minne. Nilitoa pistoni za kiwandani nikaweka za kufuliwa, zinazostahimili kipigo. Nikaweka rodi nene na gasketi ya chuma. Injini ilipokuwa tayari akaja na wazo jipya: naitrasi. Ni gesi inayokaa kwenye mtungi ndani ya buti. Ukibonyeza swichi inaingia kwenye injini na kuipa oksijeni zaidi ya ile inayosukumwa na turbo, na injini inapata nguvu ambayo haikuzaliwa nayo. Sikukataa. Siwezi kudanganya, kazi ile niliipenda mno.

Lakini gesi ile haina mzaha. Ukiimwaga bila kuongeza petroli, pistoni inatoboka kabla hujaimaliza kona ya pili. Kwa hiyo niliongeza pampu ya petroli, nikaweka plagi za baridi, nikachelewesha cheche kidogo. Nikafunga swichi ili gesi isipite mpaka pedeli ya mafuta ikanyagwe hadi chini na injini iwe imeshachanganya. Nyingine niliiweka ili presha ya petroli ikishuka, gesi ikatike yenyewe, dereva atake asitake. Hiyo ya pili niliifunga kwa sababu namjua kaka yangu.

Tulikwenda kulijaribu Mabogini, kwenye barabara iliyonyooka katikati ya majaruba ya mpunga, saa nane mchana, jua la kuchoma. Kaka alipobonyeza, gari lilichomoka mpaka waliokuwa wanapalilia wakasimama kutazama. Aliporudi alikuwa anapiga kelele za furaha. Na mimi nilipiga kelele, nilikuwa nimejiona mtu.

Baada ya hapo nikamwandikia masharti kwenye karatasi, nikaibandika kwenye dashibodi. Usibonyeze ukiwa kwenye kona. Usifungue mtungi ndani ya nyumba. Usibadilishe kitu chochote bila kuniuliza. Mojawapo lilihusu baridi, kwa sababu mtungi ukipoa presha inashuka na gesi haitoki inavyotakiwa, na asubuhi za kwetu kule juu mlimani ni za sweta. Niliandika: mtungi uwe na joto, mshale wa geji ubaki kwenye kijani. Jinsi ya kuupa joto sikuandika. Niliona ni kazi yangu, siku ya mbio nitaufunga taulo lenye maji ya uvuguvugu, basi.

Gesi iliishia kwenye majaribio, kaka akaenda na mtungi Dar kuujaza. Alirudi mkesha wa Krismasi akapanda moja kwa moja nyumbani. Mimi nilipanda kesho yake baada ya misa, nikakuta wageni wameshajaa uani, mbuzi ameshachinjwa. Nikaenda kwenye gari kabla hata ya kuingia ndani. Buti lilikuwa tupu.

“Shikamoo kaka. Mtungi uko wapi?”

“Marahaba. Uko pa joto, kama ulivyoagiza. Kaa ule nyama, mdogo wangu, leo Krismasi.”

“Pa joto wapi?”

Akaniashiria kwa kidevu, mdomo umejaa nyama. Alinionyesha jikoni.

Jiko la kwetu ni nyumba ya peke yake, ina mafiga, na juu ya moto kuna dari la fito. Hapo ndipo ndizi za mbege huivishwa kwa joto na moshi, kuni mbichi hukaushwa, na mahindi ya mbegu hutunzwa. Tangu nazaliwa, mtu wa kwetu akisema kitu kiwekwe pa joto ana maana ya pale. Viatu vilivyoloa matope viliwekwa pale, na blanketi la mtoto mwenye homa pia. Na sasa mtungi wa naitrasi ulikuwa umelazwa pale, katikati ya mikungu, umefunikwa vizuri kwa majani makavu ya mgomba. Chini yake Mama alikuwa anapika machalari, ndizi na nyama, ya watu arobaini.

“Shikamoo Mama. Toka nje.”

“Marahaba. Nitoke niende wapi? Ndizi zitashika chini.”

“Mama, nakuomba. Toka.”

Aliniangalia usoni, akaweka mwiko, akatoka.

Nikafunua majani. Mshale wa geji ulikuwa umepita kijani, umepita nyekundu, umegota mwisho. Nikatafuta kizibo cha usalama, kile chenye bati jembamba linalopasuka mapema ili gesi itoke taratibu kabla mtungi wenyewe haujapasuka. Hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na boliti, imekazwa barabara. Nilichukua ndoo ya maji nikaimwaga yote motoni, chungu na kila kitu, nikakimbia.

Niliwafukuza watu wote mpaka chini ya kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, kwenye mfereji. Walikwenda wanacheka, wamebeba sahani zao. Mjomba mmoja alirudi kuchukua bia yake nikamvuta shati. Wakasema mjini kumenichanganya.

“Kizibo kimekwenda wapi?” nikamuuliza kaka.

“Kilipasuka njiani, lile joto la kule chini. Gesi yote ikaisha. Nikageuza, wakaujaza tena, na fundi mmoja akaniwekea boliti. Sasa hivi hauvuji hata kidogo.”

Alisema hivyo kwa fahari! Kwamba hauvuji hata kidogo! Nilimtukana. Nilimtukana mbele ya wajomba, mbele ya mke wake na watoto wake, nikamwambia amemweka Mama chini ya bomu ili apigiwe makofi na walevi. Na mjomba, yule yule wa bia, akanyoosha kidole, si kwake, kwangu.

“Wewe binti, huyo ni mkubwa wako. Punguza sauti.”

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo haijaniachia mpaka leo. Mkubwa wangu! Kwetu mtoto wa kwanza akisema, wengine tunasubiri amalize. Kama mtungi ungepasuka tungesubiri pia amalize.

Tulikaa kule mferejini mpaka alasiri. Nilikwenda peke yangu kuchungulia, nikarudi, nikaenda tena, mpaka mshale uliposhuka. Nikavaa glavu za ngozi, nikaubeba mtungi hadi mwisho wa migomba, nikaufungua. Gesi ilitoka nyeupe, inapiga mluzi, valvu ikaota barafu mchana ule. Kaka alisimama mbali, mikono kichwani, anatazama ushindi wake unapotelea kwenye kahawa.

Kesho yake alishindana bila gesi akawa wa nne. Injini ilirudi nzima, haikutoa hata tone la oili. Hiyo hakuna anayeisimulia.

Jioni ile ya Krismasi nilimkuta Mama jikoni anazoa majivu yaliyoloa. Machalari yalikuwa yamemwagwa, wageni walikuwa wamekula nyama tupu wakaondoka mapema. Nikainama tukazoa pamoja, nikamweleza yote: gesi, presha, boliti, kwamba mtungi ule ukipasuka hauachi jiko wala mtu. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Mama, nilimwandikia kaka kila kitu,” nikasema. “Nilimwandikia mpaka karatasi.”

“Kaka yako anapika?”

Nikaendelea kuzoa.

“Ungeniambia mimi.” Alikung'uta majivu mikononi. “Amekuja nao hapa jikoni alfajiri. Akasema, Mama, huu mtungi ni wa dada, ametaka ukae pa joto. Mimi nikaona moto wenyewe ni mdogo, hautakutosha. Nimekuwa naongeza kuni tangu asubuhi, mwanangu, nikidhani nakusaidia.”