Dua ya Dirishani

Bibi mmoja wa Msimbati alitueleza, tukiwa benchini kwenye maabara moja pale Chuno, kwamba watoto wa kijijini kwao huletwa kwake awasomee dua na kuwapulizia usoni. Mara akaitwa dirishani kuchukua majibu.

"Bibi, kooni mwako tumeona bakteria," alisema mtaalamu, "ila ni wa kawaida, hawana madhara."

Bibi akaziba mdomo kwa ushungi. "Na watoto wote wale niliowapulizia?"

"Usiwe na hofu, bibi. Nao wanao. Hata mimi ninao."

Bibi akashusha pumzi. Kwa shukrani akainama dirishani, akamsomea dua. Alipojaza mashavu ampulizie, mtaalamu akapandisha barakoa haraka.

Benchi zima tulicheka. Mimi nilichekea kiganjani, maana mdomo nilikuwa nimeuziba tangu bakteria walipotajwa.