Alimwacha au Kamwacha

Wakati ule nilikuwa nafundisha Kiswahili skuli ya wasichana Wete, nikikaa mtaa wa Jadida na mama yetu na dada yangu mkubwa. Mume wa dada alikuwa kwao Msuka tangu msimu wa karafuu. Hakuja kumtazama mkewe, wala hakutuma salamu.

Alasiri moja, mwezi wa tano tangu aondoke, akaja mdogo wake yule mume. Akanywa maji, akasema, "Kaka kanituma. Alimwacha shemeji, talaka moja."

Mama aliendelea kupepeta mchele. Mimi nikalishika lile neno, maana makosa kama hayo nikiyasahihisha kila siku darasani.

"Alimwacha zamani, au kamwacha sasa hivi?"

"Alimwacha. Alipofika tu Msuka. Mimi na baba tulimsikia. Tuliona haya kuja kusema."

Dada akatoka chumbani. Kama kaachwa leo, eda inaanza leo, na mume anaweza kumrejea. Kama aliachwa wakati ule, eda imeshapita, naye hana habari. Alisimama kidogo akijihesabia tohara zake, zile tatu za usafi baina ya hedhi zinazotimiza eda, kisha akasema, "Twendeni kwa kadhi."

Kwa kadhi, mume alikuja na kanzu iliyopigwa pasi.

"Umemwacha mkeo?" kadhi alimuuliza.

"Nimemwacha, Shehe. Na leo namrejea mbele yako."

Kadhi akamgeukia mdogo mtu. Kijana alitazama mkeka, halafu akarudia yale yale aliyotwambia nyumbani. Baba yao, mzee wa watu, akasema ndivyo ilivyokuwa. Dada naye akaulizwa habari za eda, akajibu kuwa tohara tatu zimeshapita.

"Basi ulimwacha," alisema kadhi. "Hukumwacha leo."

"Shehe, si neno hilo hilo?"

"Si hilo. Ungemwacha leo, ungekuwa na mke wa kumrejea. Sasa eda imekwisha. Ukimtaka, umpose upya, naye aridhie."

Akamtazama dada.

"Siridhii," alisema dada.

Njiani tulipitia sokoni, akanunua dagaa na uzi wa kushonea. Usiku ule alikula vizuri. Mama ndiye aliyelia, lakini hakutwambia analilia nini.

Baadaye dada aliolewa kisiwani Kojani, nami nikawa nampandia mashua kila likizo. Yule bwana alioa huko huko Msuka. Tukikutana Wete huniamkia kwa heshima, nami humwitikia.