Mchumba Aliyeipenda Fizikia Ghafla

Jumamosi, 12 Agosti 1995. Asubuhi upepo na vumbi.

Wenzangu, leo mchumba wangu amejianika mwenyewe.

Anauza dhahabu ya unga kutoka machimbo ya Bulyanhulu. Alikuja kwetu Isaka na wazee wake kupanga mahari.

Baada ya ugali, kaka yangu anayesoma ng'ambo akaeleza utafiti wake: utando mwembamba sana wa chuma ukipigwa na ioni, yaani chembe ndogo zenye umeme, usumaku wake hubadilika.

Sote tukasinzia. Mchumba akasogeza kiti.

"Shemeji, mpaka sumaku isiunase?"

"Aina fulani, ndiyo."

"Na unga wa chuma je? Tuseme uko ndani ya dhahabu?"

Baba, mchimbaji wa siku nyingi, akaacha kuchokoa meno. Wanunuzi wote hupitisha sumaku kwenye dhahabu kutafuta chuma kilichochanganywa kuongeza uzito.

"Nani kauweka humo, mwanangu?"

"Nauliza tu kielimu, mzee."

Baba akawageukia wazee wa mchumba. "Na hao ng'ombe wenu wa mahari, wana damu kweli?"

Wameondoka bila chai. Hakuna harusi.

Mama anasema nilie kidogo, kwa heshima. Nimejaribu, nikacheka. Nyie mngeweza?

Nalala saa nne.