Mwalimu Aliyemfundisha Mumewe Kusubiri Jibu

Chuoni walimwita Mama Thibitisha. Alifundisha hesabu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, na hakuna jibu lililopita mbele yake bila kuulizwa limetoka wapi. Ukimwambia nje mvua inanyesha, wanafunzi walitaniana, atataka kwanza uthibitishe. Jina hilo alilijua, na kusema kweli lilimpendeza.

Mumewe naye alikuwa na lake. Alifundisha fizikia katika jengo la pili, juu ya maabara, na wanafunzi walimwita Mgongo, kwa kuwa ndicho walichokiona muhula mzima. Aliingia, akasalimu, akaugeukia ubao, akazungumza na ubao mpaka kipindi kikaisha. Akiuliza swali, alijijibu mwenyewe kabla mtu hajainua mkono. Hakuwa mvivu wala hakuwa na kiburi. Nyuso za watu zilimtisha, basi. Hata nyumbani ndivyo alivyokuwa. "Umechoka? Umechoka, naona. Tule sasa? Haya, tule." Mkewe alipumzika ndani ya maneno hayo kama mtu anayepumzika kivulini. Waliishi hivyo zaidi ya miaka ishirini, wakamlea binti yao mmoja, wakamwoza, akaenda na mumewe kukaa mji wa mbali.

Mwaka mmoja matokeo ya mwaka wa kwanza yalikuwa mabaya kuliko kawaida. Kwenye kikao kila idara ilizitupia lawama shule za sekondari. Mama Thibitisha alisikiliza, akatoka amekasirika, na wiki hiyohiyo akawaita watu watatu kwenye chumba cha chai, kile kidogo kilicho jirani na mashine ya fotokopi. Wa kwanza alikuwa Bi Tarehe, mwalimu wa historia aliyekaribia kustaafu. Wa pili alikuwa kijana wa idara ya kilimo ambaye wote walimwita Udongo, maana ndio aliofundisha na ndio uliojaa viatuni mwake. Wa tatu alikuwa mumewe, ambaye alikuja kwa kuburutwa.

Aliwaambia kwamba kinyozi hajinyoi. Kila wiki mmoja wao ataingia darasani kwa mwenzake, akae nyuma, na Jumatano waseme walichokiona. Walichokiona tu, hukumu waiache mlangoni. Na maneno ya chumba kile yabaki mle.

Wiki za mwanzo zilikuwa chungu. Udongo aliambiwa kwamba kila sentensi anaifunga kwa "sawa?" na hakuna hata mmoja anayemwamini tena. Bi Tarehe aliambiwa kwamba anasoma karatasi zilizogeuka manjano. Akanuna wiki nzima, kisha akarudi na pakiti ya biskuti kama mtu aliyeshindwa vita kwa heshima. Mama Thibitisha mwenyewe aliambiwa na Udongo kwamba darasani kwake wanafunzi huinua mikono kama watu wanaojisalimisha kwa polisi. Alicheka pamoja nao. Usiku aliyawaza maneno yale, asubuhi akayaacha.

Ilipofika zamu ya mumewe hakuna aliyetaka kuanza. Ikabidi aanze mkewe.

"Umeufundisha ubao," alimwambia. "Ubao umefaulu."

Walicheka wote, na mumewe alicheka nao, lakini mkewe aliona jinsi alivyokuwa akikizungusha kikombe mezani bila kukinywa.

Akaamua kumsaidia. Jioni walivipanga viti vya sebuleni viwe darasa, yeye akawa wanafunzi wote. Alimfundisha kusimama akiwatazama watu, kuuliza swali kwa sauti ya kawaida, kisha kufunga mdomo. Hilo la mwisho ndilo lililomtesa. Aliuliza, akavuta pumzi mbili, kisha jibu likamponyoka kama kikohozi.

"Ukiuliza, nyamaza," alimwambia tena na tena. "Kimya kikikuuma, kiache kiume. Mwenye jibu yupo, mpe nafasi."

Siku nyingine mkewe alijifanya mwanafunzi mkorofi wa kiti cha nyuma, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Baadaye alikuja kujua kwamba zile ndizo zilikuwa wiki tamu kuliko zote za ndoa yao. Wakati ule alidhani wanafanya kazi.

Mumewe alibadilika. Haikuwa mara moja, lakini ilionekana. Wanafunzi walianza kumngoja mlangoni baada ya kipindi, na lile jina la Mgongo likafifia lenyewe. Jumatano moja Bi Tarehe alitoka kwenye darasa la fizikia, akaketi kwenye chumba cha chai bila kugusa biskuti, akasema kwamba ameishi mpaka mvi ndipo leo ameelewa kwa nini mwezi hauanguki. Mumewe aliinamisha kichwa. Mkewe alijisikia kama amejenga nyumba.

Kisha ikaja ile jioni. Walikuwa wamemaliza kula. Mama Thibitisha alikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha na tayari ameshika kalamu nyekundu. Mumewe alikuwa upande wa pili wa meza.

"Mwenzangu," alisema, "una furaha kuishi na mimi?"

Na akanyamaza.

Mkewe alingoja jibu lije kutoka upande ule ule lilikotoka siku zote. Halikuja. Akaona kwamba swali ni lake kweli, na akaanza kulitafutia jibu kwa njia pekee aliyoijua. Alifikiria furaha ni nini hasa. Alikumbuka mwaka wa ugonjwa, alikumbuka harusi ya binti yao, na siku nyingi mno ambazo hazikuwa na jina lolote. Hakutaka kusema ndiyo ya mdomoni. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi iliyokuwa juu ya rundo. Saa ya ukutani iliendelea na mambo yake.

"Nimesikia," mumewe alisema mwishoni, akainuka kwenda kuosha sahani.

Alimfuata jikoni, akamweleza kwamba alikuwa bado anafikiri. Mumewe hakukasirika. Alifunga bomba, akajifuta mikono polepole.

"Maisha yangu yote nilikuwa nazungumza na ubao," alisema. "Chuoni nimegeuka, nimekuta watu. Hapa nikigeuka nakuta ubao."

Mwezi ule haujaisha, alihamia chumba cha kupanga upande wa pili wa mji. Hakukuwa na mwanamke mwingine, wala kelele, wala kikao cha wazee. Alichukua nguo zake na redio ndogo, akaacha vingine vyote. Binti yao alimpigia mama yake simu kuuliza kosa ni nini. Angemwambiaje mtoto kwamba baba yake aliuliza, na yeye akachelewa?

Kikundi hakikuvunjika. Na ilipofika zamu ya Mama Thibitisha kuingia darasani kwa mumewe, Udongo alimwendea ofisini, akamwambia, "Dada, niachie hiyo. Nitakwenda mimi." Alimshukuru, akakataa. Zamu ni zamu.

Alikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilofunga. Mumewe alimwuliza swali binti mmoja wa mstari wa mbele, na yule binti akakwama. Darasa zima likageuka kumtazama. Mumewe hakusogea. Alisimama mikono ikiwa imelegea, uso umetulia, macho yamejaa subira ya mtu anayekutakia mema. Kimya kilirefuka. Binti akatoa jibu nusu, naye akalipokea lile nusu kwa mikono miwili, akawaomba wengine wamsaidie kulimalizia.

Hapo ndipo Mama Thibitisha alipoelewa. Uso ule ule ulikuwa mbele yake jioni ile, upande wa pili wa meza, ukimngoja. Hakuinua macho kuutazama.

Jumatano alisema alichokiona. Alisema kwamba mwalimu alisubiri vizuri. Alisema yule binti aliweza kujibu kwa sababu alikuwa akimtazama mwalimu usoni. Bi Tarehe akammiminia chai ambayo hakuna aliyeiomba.

"Asante, mwalimu," mumewe alisema kwa upole.

Jumapili iliyofuata Mama Thibitisha alikwenda kwenye kile chumba cha kupanga. Kulikuwa na kitanda, kiti kimoja, na nguo zilizokunjwa juu ya sanduku. Alibaki amesimama, akamwambia kwamba jibu analo sasa. Ndiyo, alikuwa na furaha. Hakujua kwamba furaha ndiyo ile, kwa sababu haikuwahi kukatika.

Mumewe alijifunika uso kwa viganja. "Ningelisikia hilo siku ile," alisema, "nisingetoka."

"Basi rudi."

Safari hii mkewe ndiye aliyengoja, na alimtazama muda wote. Alimwona akijaribu. Aliona jibu likipanda mpaka kooni na kushuka tena, mara kadhaa.

"Siwezi," alisema. "Nimekwisha zoea kupumua."

Mwaka uliofuata mumewe alipata kazi chuo kingine. Kikundi kiliagana naye kwa chai na maneno mafupi. Nafasi yake ilichukuliwa na mwalimu wa sheria, mtu wa tai na maneno marefu, ambaye wiki ya kwanza aliwaeleza kwamba darasa lake halina tatizo. Mama Thibitisha aliingia kumwona, kama kawaida, akarudi na la kusema. Alifanya kazi yake. Siku nyingine alilikwepa darasa lile la juu ya maabara kwa kupitia ngazi za nyuma, ambazo ni mbali zaidi.

Habari kwamba mumewe anaoa tena zililetwa na mama mkwe, aliyepanda basi akaja mwenyewe, kwa kuwa hakutaka mkwewe azisikie kwa watu. Alimkuta anafua. Alivua viatu, akaketi kwenye kigoda kando ya beseni, akayasema yote kwa pumzi moja. Kisha akaanza kusuuza nguo zilizokwisha kufuliwa.

"Yeye amekuacha, mwanangu," alisema. "Mimi hakuniuliza."

Mama Thibitisha alilia hapo uani mpaka povu likaisha kwenye maji. Mama mkwe hakumbembeleza. Alikamua, akaanika, akarudi kuketi, na shati likimshinda kukamua alimpa ncha moja ashike.