Cheti cha Kutomwona Chui

Chui wa bustani ile ya wanyama, wafanyakazi walimwita Bibi Harusi, kwa sababu alishinda ndani na hata chakula aliletewa mlangoni. Uzio wake ulikuwa mpana, una kichaka kizito na jiwe bapa katikati, jiwe ambalo kila bango la barabarani lilimwonyesha amejilaza juu yake kama mwenye nyumba. Picha hiyo ilikuwa ya miaka tisa nyuma. Tangu hapo Bibi Harusi aliingia mitini, na aliyebahatika kuona ncha ya mkia wake ni mzee mtunzaji peke yake, naye hakuwa mtu wa maneno.

Binti wa mtandao aliajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu, kazi yake kuitangaza bustani kwenye simu za watu. Ofisi aliyopewa ilikuwa zamani stoo ya majani makavu, kwa hiyo kila asubuhi lazima apige chafya tatu ndipo kazi ianze. Mle ofisini mtandao ulishika sehemu moja tu, dirishani upande wa mbuni, tena asimame juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hapo juu ya ndoo ndipo aliposhinda, mbuni wakimtolea macho, naye akaipenda kazi ile mpaka akawa anajishangaa.

Mama yake, fundi cherehani, hakuipenda hata kidogo. Wateja wakimuuliza binti yako anafanya nini siku hizi, alijibu kwa mkato kwamba anachezea simu, akaendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa ameshamnunulia ya kwake, ya pili, ikakaa pembeni ya chumba imefunikwa kitambaa, inasubiri miezi mitatu iishe.

Wiki ya sita mgeni mmoja aliiandika bustani mtandaoni, akaipa nyota moja kati ya tano: "Tulilipa kumwona chui. Tumeona majani." Meneja, mwanamume aliyevaa tai hata akienda kwa fisi, aliagiza mgeni ajibiwe kwa heshima, aambiwe chui alikuwa amepumzika. Binti akapanda ndoo yake. Akaandika, akafuta, akaandika tena, na mwishowe kidole kikamtangulia: "Pole sana ndugu mgeni. Mimi nafanya kazi hapa, wiki ya sita hii, na mimi pia sijamwona."

Kufika jioni watu elfu nne walikuwa wamelisambaza jibu lile. Meneja alimwita akamwambia amewavua nguo hadharani. Binti alirudi nyumbani anajua unga umeshamwagika, akaipita ile cherehani ya pili bila kuitazama. Lakini Jumatatu kulikuwa na foleni getini, na wote waliokuwa kwenye foleni walitaka kitu kimoja: kwenda kutomwona chui.

Hapo ndipo alipobuni cheti. Karatasi ngumu, ina namba na mhuri: "Inathibitishwa kwamba mwenye cheti hiki amesimama mbele ya uzio wa chui kwa dakika zisizopungua kumi na hakuona kitu." Mhuri alikabidhiwa mzee mtunzaji, akawa anaupiga kwa uso wa hakimu. Wachumba walipiga picha na majani. Bwana mmoja mstaafu alikuja mara tano, akawa anatembea na vyeti vyake vitano kwenye bahasha. Na binti akagundua jambo: watu wa mtandaoni hawachoki kutazama nyuso za wanaotazama kichaka. Dakika ya kwanza wamejaa matumaini, ya nane wanavunjika mbavu. Basi akaacha kabisa kupiga picha kichaka. Kila siku aliupa uzio mgongo, simu ikawaelekea watu.

Jumamosi ya mwisho ya majaribio yake akaitangaza kuwa Siku ya Kutomwona Chui, itakayorushwa mubashara. Meneja hakuzunguka mbuyu: ikifana anamwajiri, ikiharibika akabidhi ndoo. Binti akamwalika mama yake. Mama akaja na nguo yake ya kuendea harusini, akasimama mstari wa mbele, mkoba kaushika kwa mikono miwili, uso wa mtu aliyekuja kukagua mshono wa fundi mwingine.

Saa kumi na robo walikuwa watu mia tatu mbele ya uzio. Binti alikuwa katikati ya maelezo yake, simu juu, pale wote waliponyamaza kwa pamoja. Kwenye kioo cha simu alimwona dada mmoja aliyekuwa anatafuna karanga ameachia taya njiani. Mstaafu akaiangusha bahasha yake. Mama yake, ambaye hajawahi kuangusha hata sindano, akauachia mkoba.

Alijua. Shingo ilimwasha kwa hamu ya kugeuka. Lakini nyuso zile, zote kwa mara moja, hakuwa amewahi kuzipata, na mkono ukiyumba kidogo tu zimepotea. Hakugeuka. Sekunde kumi na moja nzima hakugeuka, furaha ikimpanda kama maji ya soda, mpaka watu walipolipuka kwa kelele. Alipotazama nyuma alikuta jiwe tupu na majani yanatikisika.

Basi ikawa vurugu tupu. Watu wasiojuana walikumbatiana. Mstaafu alikuwa amekasirika, maana alikuja kwa ajili ya cheti cha sita. Simu zilikuwa mia tatu na hakuna hata moja iliyonasa chui. Wengi walisahau kama wanazo, na wachache waliokumbuka walipiga visogo vya wenzao. Meneja akaja mbio, rangi imemtoka.

"Kwisha," alisema. "Tumewaambia watu haonekani, leo kaonekana. Nani atakuja tena?"

Binti akampa simu asome maoni. Geuza simu. Wameona nini? Huyo mama wa mkoba kaona nini jamani? Watu elfu thelathini walikuwa wameziona nyuso mia tatu zikimwona chui, na chui mwenyewe hawakumwona. Meneja akasoma, akarudia, akaikaza tai yake. Akamwambia Jumatatu aje mapema kusaini mkataba, na atatafutiwa kiti. Binti akasema kiti asante, ndoo inatosha.

Mzee mtunzaji alikuwa amesimama na mhuri wake, kakosa wa kumpigia. Akamuuliza binti kama na yeye alimwona. Hakumwona. Mzee akainama juu ya meza, akajaza cheti pekee cha siku ile.

Mama yake alikuwa ameshasogea, sauti ndiyo kwanza inamrudi.

"Alikuwa hapo nyuma yako, mwanangu. Ungegeuza shingo tu."

"Nilikuwa kazini, mama."

Mama alikichukua kile cheti mkononi mwa binti yake, akakipuliza wino ukauke, akakiweka mkobani.

Cherehani ya pili siku hizi anaitumia mpwa wake. Cheti kinaning'inia ukutani juu ya ile ya kwanza, na mteja akikiulizia, mama huondoa mguu kwenye kanyagio.

"Siku hiyo kila mtu alimwona chui, isipokuwa mwanangu," husema. "Yeye alikuwa kazini."