Mtani Alipomwigiza Mama Mkubwa

Mama mkubwa, dada yake mama, alifariki ghafla wakati wa mavuno, miaka ile ya tisini. Tulimzika Ifakara asubuhi yenye ukungu, kisha tukakaa uani kwake, mtaa wa Viwanja Sitini, tukinusa mpunga uliotandazwa juani, kila mmoja kama aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha. Sababu ya kifo hatukuijua. Wengi walisema ni uchovu tu.

Kwetu mtani wa ukoo anaruhusiwa kumwigiza marehemu msibani, ili waliofiwa wapate kucheka. Basi mtani wetu, mama mmoja mnene, akatokea amejifunga kanga za mama mkubwa, ungo kichwani. Alitembea polepole, akasimama, akashika chini ya taya, akahema, akaketi juu ya kinu.

"Mpunga haukimbii," alisema kwa sauti ileile ya marehemu. "Ngoja nipumzike."

"Mbona zamani hukuwa hivyo?" mtu akamchokoza.

"Zamani nilikuwa msichana. Siku hizi hata damu ya mwezi imenikimbia."

Uani kote watu wakaangua kicheko. Mama yangu alicheka mpaka akafuta machozi, akaniambia, "Bibi yako naye alikuwa hivyohivyo. Hapohapo kwenye taya. Akaondoka angali na nguvu zake."

Mimi kicheko kilinikauka. Mama naye, tangu hedhi yake ikome, alikuwa akisimama njiani kutoka shambani, mkono tayani, akisema ni joto la umri.

Wakati huo nilikuwa nasomea uuguzi. Jioni, tukipepeta mchele, nilimweleza mama taratibu. Joto linalopanda usoni ni la umri kweli. Kukosa pumzi na kuumwa taya ukitembea, huenda ni moyo. Hedhi ikikoma, mwili hupoteza homoni zilizokuwa zikiisaidia mishipa ya damu. Na kama mama au dada yako aliugua moyo mapema, hatari yako huwa kubwa kuliko ya jirani.

"Kwa hiyo tumerogwa na damu yetu wenyewe?"

"Hatujarogwa, mama. Ni kurithi tu, kama nilivyorithi kwako miguu hii myembamba."

"Hiyo miguu ni ya baba yako. Usinisingizie."

Nikamwambia presha inapimika na ina dawa, na samaki wa chumvi anaweza kupunguzwa. Aliendelea kupepeta, pumba zikielea hewani kama vumbi la dhahabu.

Asubuhi nilimkuta amevaa viatu. Hospitalini presha ilikuwa juu, na daktari aliposikia habari za bibi na mama mkubwa, alimpima moyo siku hiyohiyo, akamwanzishia vidonge.

Tulirudi polepole, ukungu ukiwa umeshainuka bondeni. Mama akasimama, si kwa maumivu.

"Wewe umepimwa lini?"

"Mimi bado kijana, mama."

"Lakini mama yako ni mimi," alisema, akanigeuza tukarudi hospitali.